Faini ya Bibi Nakijwa

Siku ya zoezi la maafa, watu wa kitongoji cha Bondeni walikimbilia mahali pale pale walipotakiwa kupakimbia.

Pembe ililia asubuhi, jua limetoka na anga safi, maana Hedwiga na wenzake wa kamati walichagua siku njema ili mtu asiteleze akavunjika mguu kwa ajili ya majaribio. Vitus, mpiga pembe wa kijiji, alisimama juu ya jiwe lake la siku zote, huko juu mteremkoni, lile alilorithi kwa baba yake pamoja na pembe yenyewe, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kilichotakiwa kilikuwa chepesi: kila anayekaa chini ya mteremko atoke mikono mitupu, ashike watoto, apande njia ya msituni mpaka uwanja wa kanisa. Kilichotokea ni kwamba milango ilifunguliwa, majembe yakatoka, na Bondeni nzima, wake kwa waume, ikapanda kumfuata Vitus mpaka kwenye shamba la tangawizi lenye ufa wa kuingia mguu wa mtu mzima. Wakajipanga chini ya ufa ule ule, wakatema mate viganjani, wakauliza kazi inaanzia wapi.

Hedwiga aliyatazama hayo kutoka uwanja wa kanisa, ng'ambo ya kijito. Alikuwa amesimama na Naomi, afisa mipango wa kutoka Same mjini, mwanamke mrefu wa Kimaasai aliyepanda milima hii na buti za mvua hata siku za jua. Uwanjani walikuwa wao wawili tu na mbuzi wa mchungaji.

"Wamekufa wote," Naomi akasema taratibu. "Hedwiga, hapa kijiji chote kimekufa."

"Kimekufa na majembe yake."

Wakatazamana. Halafu wakacheka mpaka Hedwiga akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, ingawa hakukuwa na la kuchekesha. Ufa ule ulikuwa umeongezeka tangu mvua zilizopita. Miaka hii vuli ama haiji kabisa, ama inakuja yote kwa wiki moja, na msitu uliokuwa ukiishika ile ardhi walishaukata wenyewe wakapanda tangawizi.

Mgeni angewaona wajinga. Hawakuwa wajinga. Kwa Wapare wa milimani pembe ni ya msaragambo, ile kazi ya pamoja. Mfereji umeziba, ndiva ya kuhifadhia maji ya mashamba imejaa tope, nyumba ya mjane inataka paa: pembe inalia, unashika jembe, unaufuata mlio. Huulizi. Asiyefika, au anayefika kazi imeshaanza, analipa jogoo, na jogoo huyo anachinjwa na kuliwa na waliowahi, yeye mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo anawatazama wanavyolamba vidole. Jogoo hana uchungu sana. Uchungu uko kwenye kule kutazama.

Na aliyefika wa kwanza chini ya ufa siku ile, jembe begani, alikuwa Bibi Nakijwa, mama mkwe wa Hedwiga.

*

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Hedwiga alikuwa katibu wa kamati ya maafa, na mwaka uliopita alimshawishi mumewe, Hezroni, wahame Bondeni. Walijenga vyumba viwili vya matofali karibu na kanisa, na cha tatu kwa ajili ya bibi, chenye dirisha linalopokea jua la asubuhi. Bibi Nakijwa alikuja, akakitazama chumba, akasema kimejengwa vizuri, akarudi kwake. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho chini kabisa, mgongoni mwake mteremko wote. Marehemu mumewe aliijenga kwa mikono yake, na kaburi lake lilikuwa migombani, hatua chache kutoka mlangoni.

Tangu siku hiyo hakusema na Hedwiga tena. Kwa maoni yake, mkwe huyu alikuwa amemtoa mwanawe chini ya macho yake akakisingizia kilima. Hakutukana wala hakununa. Alichofanya ni kumfanya Hezroni awe simu.

"Shikamoo, mama," Hedwiga angesema.

"Hezroni, mwambie mkeo marahaba."

Na Hezroni, mwanamume wa kifua kipana aliyebeba mbao kutoka msituni bila kupumzika, angegeuka kwa unyonge na kusema, "Mama anasema marahaba."

Jambo hili halikujificha. Katika mkutano wa tathmini ya lile zoezi, Jabiri mwenye duka alisimama nyuma, akakohoa kidogo kuhakikisha anasikilizwa, kisha akauliza kwa adabu zote: "Mimi nina swali dogo kwa katibu. Katibu anatuambia tuhame chini ya ufa. Vizuri. Sasa mkwewe, ambaye analala chini ya ufa kutuzidi sisi wote, yeye amepewa msamaha, au ameambiwa siri ambayo sisi hatujaambiwa?"

Watu waliangua kicheko. Hedwiga alikuwa na karatasi mkononi. Akaanza kuisoma upya. Hezroni alitazama viatu vyake. Bibi Nakijwa, aliyekaa mstari wa mbele, naye hakucheka.

"Jabiri," akasema bila kugeuka, "mlima huu nimeukuta na nitauacha. Wewe ulilipa jogoo mara ngapi mwaka jana?"

Kicheko kikahamia upande wa pili. Hedwiga alijua kwamba bibi hakuwa amemtetea yeye, alikuwa ametetea nyumba ya mwanawe. Hata hivyo alishukuru.

*

Jioni ile Naomi alibaki kwa Hedwiga, kwa kuwa gari la kumrudisha Same lilikuwa limekwama Chome. Wakapika makande. Vitus alikuja na pembe yake kwapani na uso wa mtu aliyeua. Bibi Nakijwa naye alikuwepo. Hakuja kwa mkwewe, alieleza, alikuja kwa mwanawe, na mwanawe bahati mbaya anakaa nyumba hii.

"Tununue king'ora," Vitus alianza. "Mimi nijiuzulu."

"King'ora kinataka umeme," Naomi alisema. "Umeme wenu unakatika wingu likikohoa tu. Na simu mnajua wenyewe. Pembe ni nzuri, inasikika mpaka ng'ambo. Labda tuwe na milio miwili. Mrefu ni kazi, mifupi mifupi ni hatari."

Bibi Nakijwa akatua sahani yake. "Hezroni, muulize mgeni. Mtu anafukuza mbuzi, mvua inapiga bati, mtoto analia mgongoni. Ni nani atakayesimama ahesabu milio?"

Hezroni alifungua kinywa kuupitisha ujumbe, lakini Naomi alikuwa ameshasikia, na hakuona haya kusema kweli. "Hakuna, bibi. Mimi mwenyewe nisingehesabu." Akafikiri kidogo. "Kwetu tambarare ukame ukija hatungoji ng'ombe wadondoke ndipo tuhame. Tunahama wakiwa bado wana nguvu za kutembea. Lakini hakuna anayetupigia king'ora. Tumezoea tu. Miguu inajua. Mwaka ule mvua ilipoleta mafuriko Maore, maji yenu haya haya ya huku juu yakashuka na mawe, waliopona ni wale ambao miguu yao ilijua pa kwenda. Wengine walisimama wakajadiliana."

Hedwiga alikuwa anakoroga makande. Mwiko ukasimama.

"Miguu ya hapa inajua kumfuata Vitus," alisema.

"Ndiyo balaa lenyewe," Vitus akasema.

"Basi wewe ndiye utakayehama, Vitus. Tuwaache watu na mazoea yao, tuhamishe jiwe lako. Kuanzia kesho pembe inapigwa uwanja wa kanisa. Kila msaragambo, hata wa kuzibua mfereji wa Bondeni, watu wanakutana kanisani kwanza, wanagawiwa kazi, ndipo wanakwenda. Wakizoea hivyo, siku ya hatari hatubadilishi neno. Pembe ni ile ile, njia ni ile ile."

"Na majembe?" Naomi aliuliza. Macho yake yalikuwa yanawaka.

"Waje nayo. Mtu aliyebeba jembe anatembea. Aliyeambiwa akimbie mikono mitupu anarudi ndani kuchukua godoro."

Naomi alipiga paja. "Halafu ngoja. Tutapiga pembe mara nyingi kuliko mlima utakavyoanguka, sivyo? Lazima. Mara ya kwanza hakuna kitu, mara ya pili hakuna kitu, ya tatu watu wanalala. Hivyo ndivyo mipango yetu inavyokufa, nimeiona ikifa huko kote. Lakini wakija na majembe na kazi ipo, hawajadanganywa. Mvua ikipungua wanachimba hapo hapo. Msingi wa ghala, makingamaji, choo cha kanisa, chochote. Hakuna pembe ya bure."

Wakaanza kusema kwa pamoja, huyu anamaliza sentensi ya yule, na Vitus akaanza kula. Kuna watu ukiwaona wanapanga jambo jema unatamani nchi nzima ingekuwa jikoni mle. Waliamua alama: ndoo uani kwa Hedwiga yenye mstari wa rangi nyekundu, na chemchemi iliyo chini ya ufa. Maji ya mvua yakifika kwenye mstari, au chemchemi ikitoa tope, pembe inalia, na neno la mwisho ni la Hedwiga. Faini ya jogoo inabaki. Na kwa kusisitiza kwa Naomi, sharti moja lisilo na mjadala: aliyefika juu harudi chini mpaka pembe ilie tena. Awe nani, amesahau nini, amemwacha nani.

"Hata mwenyekiti," Naomi alisema.

"Hata katibu," Hedwiga alijibu.

Bibi Nakijwa aliinuka, akajifunga kanga. "Hezroni, mwambie mkeo makande yalikuwa na chumvi ya kutosha." Mlangoni akageuka. "Na umwambie mimi sihami. Msaragambo nitakuja. Faini sijawahi kulipa tangu niolewe, na sitaanza uzeeni."

*

Pembe ililia mara kadhaa msimu ule, na mlima haukuanguka. Mara ya kwanza watu walipanda uwanjani na majembe wakinung'unika kwamba mvua hii si ya kufanyia kazi. Mvua ilipopungua, walichimba msingi wa ghala. Mara nyingine walichonga makingamaji nyuma ya shule, wakapanda majani ya kushika udongo. Jabiri alilipa jogoo, akalipa tena, akasema kamati imebuni njia ya kula kuku wake, kisha akaanza kuwahi. Bibi Nakijwa alikuwa wa kwanza kila mara ingawa magoti yalikuwa yamemchosha. Alichimba kidogo, akatoa amri nyingi, na kazi ikiisha alishuka kwake. Hedwiga alimsindikiza kwa macho kila alipoingia kwenye migomba na kupotea, na kila mara roho yake ilibaki huko chini mpaka kesho yake.

Alijaribu mara moja tu kusema waziwazi. Alimfuata bibi kaburini alikokuwa anapalilia. "Mama, ninakuomba. Si kwa ajili ya kamati. Nisaidie mimi nilale."

Hezroni hakuwepo wa kupitisha ujumbe. Bibi aliendelea kung'oa magugu kwa muda, kisha akalisemesha kaburi: "Mwambie mkwe wako alale."

*

Ile mvua yenyewe ilianza Jumatano, ikanyesha kama iliyotumwa. Ijumaa asubuhi ndoo uani ilikuwa imebakiza kidole kimoja kufika kwenye mstari. Hedwiga alitoka akajifunika mfuko wa nailoni, akashuka mpaka chemchemi. Maji yalikuwa meupe na safi. Akasimama pale, anasikiliza. Kisha yakabadilika mbele ya macho yake, yakawa mekundu ya ugoro, na ndani yake zikatoka changarawe.

Alipanda mbio, akateleza, akapanda. "Vitus!" alipiga kelele kabla hajafika. "Piga! Piga sasa hivi!"

Pembe ikalia. Milango ya Bondeni ikafunguliwa, majembe yakatoka. Kutoka uwanjani Hedwiga aliwaona wakipanda njia ya msituni kwa mistari, kanga zimeloa, watoto migongoni, majembe yakichungulia juu ya vichwa. Hakuna aliyesimama kuuliza. Miguu ilijua. Walifika mmoja mmoja wakihema, wakaegemea ukuta wa ghala walilolijenga wenyewe, na Hedwiga akaita majina ya nyumba, nyumba moja moja, nazo zikaitika.

"Nyumba ya Bibi Nakijwa."

Watu wakageuka kutazamana.

"Bibi Nakijwa!"

Jabiri, ambaye safari hii alikuwa amewahi, alivua kofia. Hakuwa na utani. "Katibu, mimi nilipita kwake. Nilimwona uani. Alisema tangulia, nakuja."

Hezroni alikuwa ameshatupa jembe. Hedwiga alimwahi penye njia, akatandaza mikono.

"Toka, Hedwiga."

"Hakuna kurudi chini."

"Ni mama yangu!"

"Najua ni mama yako." Hakushusha mikono. "Ukishuka wewe, atashuka Vitus, atashuka Jabiri. Kila mtu hapa ana mtu. Hezroni, mimi mwenyewe nilikubali neno hili. Pita juu yangu basi."

Angeweza. Alikuwa na nguvu za kumbeba kwa mkono mmoja akamweka pembeni. Walitazamana hapo, mvua ikiwashukia, mbele ya kijiji kizima. Kisha Hezroni akakaa chini kwenye tope, mtu mzima, akafunika uso. Hedwiga akabaki amesimama mikono imetandazwa, akiwaza kwamba leo amemuua mama wa mumewe kwa kanuni, na kwamba akishaikunja mikono hii hatakuwa na mahali pa kuiweka maisha yake yote.

Ndipo mlima ukaenda. Kwanza migomba ilitembea, imesimama vile vile. Halafu ufa ukafunguka, shamba lote la tangawizi likateremka na miti yake na mawe yake kwa mngurumo waliouhisi miguuni kabla ya masikioni. Ulipotulia, Bondeni upande ule haikuwepo. Pale penye nyumba ya mwisho palikuwa na udongo mwekundu unaofuka mvuke.

Wanawake wakaanza kulia. Watu wengine wote wa kitongoji walikuwa wamesimama pale, wazima, hata watoto wa kunyonya, na Hedwiga alilijua hilo, na halikumsaidia kitu.

"Mbona mnalia?" sauti ikauliza nyuma yao. "Kuna msiba?"

Bibi Nakijwa alikuwa anatokea kwenye njia ya msituni, tope mpaka magotini, jembe begani. Alipumua kwa shida. Chini ya kanga, kwapani, kulikuwa na kitu kinachofurukuta.

Hezroni aliinuka, akaanguka, akainuka tena. Bibi alimzuia kwa mkono. "Subiri, mwanangu. Kwanza nimalize la kamati." Akampita mwanawe, akampita Vitus na pembe yake, akasimama mbele ya Hedwiga. Akakitoa kile kitu kwapani. Alikuwa jogoo, mwekundu, ameloa, amekasirika sana.

"Magoti yamekataa leo," alisema. "Nilijua nitachelewa. Sasa ningekujaje mikono mitupu? Huyu alinisumbua, aliingia chini ya uchaga. Nilipovuka kijito nikasikia kishindo nyuma yangu. Sikugeuka." Akamsogeza jogoo mbele. "Faini yangu hii hapa. Ya kwanza. Pokea."

Hedwiga alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Alitaka kusema kwamba wazee hawatozwi, kwamba jogoo huyu nusura amuue, kwamba anampenda. Machozi yalichanganyika na mvua, akayaacha.

Bibi Nakijwa ndipo alipogeuka akatazama chini. Alitazama muda mrefu: nyumba, migomba, kaburi, na udongo ulivyolala juu ya vyote. Watu walimwachia nafasi. Kisha akalishusha jembe begani, akalisimamisha ardhini, akaliegemea. Hezroni alisogea, amezoea, ajiweke katikati tayari kupitisha neno.

Bibi hakumtazama.

"Hedwiga," alisema, "kazi ya leo ni ipi?"